Tupeane uzoefu: kaseti ya The Police ya 1986 ilikufikiaje?

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Nimeikuta tena Every Breath You Take: The Singles, mkusanyo wa bendi ya Uingereza, The Police. Nyimbo 12, kuanzia Roxanne ya 1978 hadi zile za albamu ya Synchronicity ya 1983, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo Police nzima. Albamu zao tano zenyewe, sijui nani hapa aliwahi kuziona dukani. Mimi nasikia bendi mbili humo: upande A vijana wanaoiba rege London, upande B watu wazima wenye majonzi. Kwenu iliingiaje?

MwanaKilindini: Kwetu Mombasa ililetwa na ami yangu, baharia. Baba hakuwa na haja na muziki wa wazungu, lakini Walking on the Moon ilipoanza akauliza, "Hawa wa Jamaika?" Ile besi inatembea polepole, gitaa linagusa na kuondoka, katikati kimya kitupu. Hakuna aliyemjibu. Akaisikiliza mpaka utepe ukaanza kuvuta.

DJ Mstaafu: Miaka ya tisini nimepiga harusi nyingi Dar. Keki inakatwa, wanataka Every Breath You Take. Sasa sikilizeni maneno: jamaa kaachwa, anaapa kumchunguza mwenzie kila hatua. Sting mwenyewe, mwimbaji na mtunzi wao, ameshasema si wimbo wa mahaba kama watu wanavyodhani. Bibi harusi mmoja, mwalimu wa Kiingereza, aliniita pembeni: "Kaka, toa hiyo. Huyo mtu ni wa kuitiwa mgambo." Nikaweka taarabu, ukumbi ukafufuka.

Tairi la Akiba: Mdogo wangu bado anabisha kuwa Police walimwibia Puff Daddy, yule rapa wa Marekani! Kazaliwa baadaye, alianza na I'll Be Missing You ya 1997, iliyochukua gitaa la Every Breath You Take, basi kwake hiyo ndiyo asili. Kinachoniuma ni Andy Summers, mpiga gitaa wa Police. Lile gitaa ambalo dunia nzima inalijua ni vidole vyake, lakini mtunzi aliyeandikwa ni Sting peke yake.

Mpigadramu: Mleta uzi umeruka jambo. Don't Stand So Close to Me ya humo si ile ya 1980, waliirekodi upya. Walikutana 1986 kujaribu albamu mpya, mpiga dramu wao Stewart Copeland akaanguka kutoka kwenye farasi akavunjika mtulinga. Hakuweza kupiga dramu, ikabidi mashine zifanye kazi. Nilikuwa napiga bendi ya hoteli, kiongozi wetu akataka tuige toleo hilo hilo. Ukiwa mpigaji unajisikia kama umefukuzwa kazi huku umekalia kiti. Kazi ya Copeland ni ile hi-hati yake (yale matoazi mawili ya kukanyaga kwa mguu), ukiitoa inabaki nini?

Mleta uzi: @Mpigadramu nakubali, ule ndio wimbo ninaoruka. Ila kama unampenda Copeland tafuta albamu yake The Rhythmatist ya 1985. Alizunguka Afrika, na humo yumo mwanamuziki Ray Lema wa Kongo.

MwanaKilindini: Na So Lonely mbona haimo? Rege tupu ile, wakaiacha nje. Ami alitukana kwa Kihindi, Kiarabu na lugha nyingine za bandarini.

Tairi la Akiba: Mleta uzi, uliyonayo ni kaseti au CD? Kama kaseti, njoo PM tuongee bei.