Vinia za meno ya mbele: porseleni ya feldspari, disilikati ya lithiamu au zirkonia?

Enameli_Kwanza
Wakuu, naomba ulinganisho wa kina wa kauri za vinia, yaani vipande vyembamba vinavyobandikwa mbele ya meno. Meno sita ya mbele ya juu, namba 13 hadi 23, yaani chonge la kulia hadi chonge la kushoto. Matano yana rangi A3 (kwenye kipimo cha rangi ya meno, A3 imekolea kuliko A1) na enameli nzima, yaani ganda gumu la nje halijaharibika. La 11 lilitibiwa mzizi, sasa ni kahawia iliyokolea. Lengo ni A1. Kauri zilizo mezani ni tatu: porseleni ya feldspari ya kupangwa kwa mkono, disilikati ya lithiamu ya kukandamizwa, na zirkonia angavu. Ipi iende wapi, na tuchonge kiasi gani?

FundiKauri
Mkuu, angalia kwanza jino lenyewe, jedwali la nguvu baadaye. Feldspari ina nguvu ya kustahimili kupindwa ya MPa (megapaskali) 60 hadi 100 hivi, disilikati ya kukandamizwa ni MPa 400 kwenda juu, zirkonia angavu ni 500 hadi 800 kutegemea kiasi cha itria, oksidi inayochanganywa ndani yake. Ukienda na namba hizo tu utachagua zirkonia, na utakosea. Kipande cha feldspari cha mm 0.3 kikiwa mkononi kinavunjika kama ganda la yai. Kikishagandishwa (kubandikwa kwa gundi) vizuri juu ya enameli, nguvu ya kuuma inapita hadi kwenye jino, nacho kinadumu miaka.

Kwa uzuri wa mwanga ndani ya jino, feldspari haina mpinzani: unga unapangwa tabaka kwa tabaka juu ya modeli inayostahimili moto au karatasi ya platinamu. Lakini inadai fundi mwenye mkono hasa, na kingo zake humeguka hata kabla hazijatoka maabara. Disilikati unaichonga kwa nta, unaifukia, nta inaungua, kisha kauri iliyolainishwa kwa moto inasukumwa kwenye nafasi iliyobaki. Kingo zinakaa barabara. Mimi ningeweka disilikati kwa yote sita, nipunguze kidogo upande wa mbele karibu na ncha na kuongeza tabaka la porseleni hapo. Kuchanganya kauri mbili kwenye tabasamu moja ni kutafuta tofauti ya rangi mchana wa jua.

Mfereji05
Naongezea kuhusu kuchonga, maana hapa ndipo vinia nyingi hufia. Usipime kina kutoka kwenye jino la sasa. Pima kutoka kwenye umbo la mwisho. Tengeneza umbo hilo kwa nta, chukua chapa ya silikoni, jaza bisi-akriliki (plastiki ya muda), bandika mdomoni. Mgonjwa akikubali umbo, kata mifereji ya kina ukipitia humo humo kwenye bisi-akriliki: mm 0.3 karibu na ufizi, 0.5 katikati, 0.7 kuelekea ncha. Ncha yenyewe 1.5 hadi 2. Paka penseli chini ya mifereji, vua bisi-akriliki, kisha chonga mpaka alama ya penseli ipotee tu. Mahali ambapo jino halikuguswa na mfereji, liache. Hapo kauri inaongeza, haibadilishi.

Karibu na ufizi enameli ni mm 0.3 hadi 0.4 tu. Ukishusha 0.5 pale umeshaingia dentini, tabaka laini zaidi chini ya enameli, na ukingo wako wa baadaye utaanza kuvuja na kubadilika rangi. Ncha imalizie bapa. Usiizungushe kauri nyembamba hadi kwenye bonde la nyuma ya jino, maana hapo mvutano ni mkubwa na nyufa huanzia hapo. Pembe zote za ndani zilainishwe.

Kivuli_A1
La 11 lisichongwe sana kwa ajili ya rangi. Kila hatua moja ya rangi inahitaji kauri ya mm 0.2 hadi 0.3. Kutoka A3 kwenda A1 ni hatua mbili, kwa hiyo meno matano yanatosheka na mm 0.5 au 0.6. Jino la kahawia kwa hesabu hiyo litakupeleka moja kwa moja kwenye dentini. Lisafishe rangi kwa ndani kwanza, kisha subiri wiki 2 kabla ya kugandisha: oksijeni ya dawa ya kusafishia iliyobaki kwenye jino huzuia resini (gundi ya vinia) kukomaa, yaani kuwa ngumu. Likibaki jeusi kiasi, agiza ingoti (kipande cha kauri cha kukandamizwa) isiyopitisha sana mwanga kwa jino hilo pekee, na mtumie fundi picha ya rangi ya kisiki, yaani jino lililokwisha kuchongwa. Bila picha hiyo anabahatisha.

Bruksa
Mbona zirkonia inatupwa haraka hivyo? Kwa anayesaga meno usiku na jino jeusi, inaficha rangi na haipasuki ovyo.

FundiKauri
Ni kweli inaficha, ndugu. Tatizo ni gundi. Kauri nyingine huchubuliwa kwa asidi ya hidrofloriki inayokula glasi yake ili gundi ishike; zirkonia haina glasi, asidi hiyo haipati cha kula. Unabaki na kuipuliza kwa chembe za alumina za mikroni 50 kwa shinikizo dogo, kisha praima (kipako cha kwanza) yenye MDP, kemikali inayoshikana na zirkonia. Kwa taji, kofia inayofunika jino lote na kushikwa na umbo lake, sawa. Vinia haina umbo la kushikilia, inategemea gundi tu. Anayesaga meno apewe kinga ya kulalia, kauri yoyote utakayochagua.

Sileni_Sekunde60
Kugandisha sasa. Disilikati: asidi ya hidrofloriki 5% kwa sekunde 20, basi. Feldspari: 9 hadi 10% kwa sekunde 60 au zaidi. Ukiifanyia disilikati muda wa feldspari unaidhoofisha. Baada ya kuosha utaona utando mweupe kama chaki; hayo ni mabaki, yasugue kwa asidi ya fosforiki kisha uoshe tena, halafu paka sileni, kimiminika kinachounganisha kauri na resini, sekunde 60 na ukaushe. Kama vinia ilijaribiwa mdomoni baada ya kuchubuliwa, mate yameshaiharibu, isafishe upya.

Kwenye jino: mpira wa kutenga meno na mate, fosforiki 37% sekunde 30 juu ya enameli. Tumia simenti inayokomaa kwa mwanga pekee. Ile inayokomaa kwa njia mbili, mwanga na kemikali, ina amini (kemikali za kuikomaza) zinazogeuka njano na A1 yako inaondoka nazo. Bonyeza vinia, mulika sekunde 2 hadi 3, ondoa ziada, kisha pitisha uzi kati ya meno na uutoe kwa kuuvuta pembeni, siyo kuelekea ncha ya jino, la sivyo unang'oa vinia ambayo haijashika. Paka jeli ya gliserini kwenye kingo ndipo umulike sekunde 40 kila upande.