Mbunge wetu anasema aliupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Nitathibitishaje?

katibu_wa_steji

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni katibu wa chama cha bodaboda kwenye mji mmoja huku Pwani ya Kenya. Mbunge wetu sitamtaja, maana nilichokuja kutafuta ni njia ya kujua ukweli.

Majuzi tulikuwa mazishini. Mheshimiwa alipopewa kipaza sauti aliwapa pole wafiwa, kisha akaingia siasa. Akasema ule mswada wa kodi wa 2024 yeye aliupinga, kwamba aliwaambia wenzake mwananchi hataumudu ushuru wa mkate. Watu wakampigia makofi. Lakini kwenye simu yangu ninayo picha ya ile orodha ya kura za wabunge iliyozunguka WhatsApp Juni 2024, na jina lake liko upande wa ndiyo. Nikiwaonyesha wenzangu, nusu wananiambia orodha ile ilichezewa.

Sasa anakuja kukutana na chama chetu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika maswali. Naomba mnisaidie niulize kitu ambacho hawezi kukiruka.

mwalimu_mstaafu

Katibu, hongera kwa kuuliza kabla ya mkutano. Mimi nilifundisha Historia na Serikali shule za upili, na tangu nistaafu naweka daftari la wabunge wa kaunti yangu. Ukurasa wa kushoto naandika alichosema, wapi na tarehe gani. Ukurasa wa kulia naandika alivyopiga kura. Nakueleza ninavyofanya kwa kutumia mswada huohuo.

Kwanza, iache hiyo picha ya WhatsApp. Huenda ni sahihi, lakini akikuambia imetengenezwa huna jibu. Ingia tovuti ya Bunge la Taifa utafute Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yaliyosemwa Bungeni, ya Alhamisi tarehe 20 Juni 2024 na ya Jumanne tarehe 25 Juni 2024. Tarehe zote mbili, usichukue moja.

Sababu ni hii. Mswada uliposomwa mara ya pili tarehe 20, waliosema ndiyo walikuwa 204 na waliosema la 115. Uliposomwa mara ya tatu tarehe 25, ndiyo zilikuwa 195, la 106, na kura 3 zikaharibika. Hebu zijumlishe. Siku ya kwanza wamepiga kura 319, siku ya pili 304. Kila upande umepungukiwa na watu 9. Bunge zima lina viti 349 ukimwacha Spika, viwili vitatu vikiwa wazi wakati ule. Maana yake siku ya uamuzi wa mwisho wabunge zaidi ya 40 hawakupiga kura kabisa, na nje vijana walikuwa wanapigwa risasi kwa sababu ya mswada huo.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa alisema ndiyo tarehe 20, akakosekana tarehe 25, halafu mwaka unaofuata akasimama mazishini akasema "sikuupitisha". Ukiangalia tarehe 25 peke yake atakuponyoka. Mimi kutokuwepo nakuandika kwa wino uleule ninaoandikia ndiyo na la. Aliyekuwa mgonjwa au aliyetumwa safari ya kikazi ana haki ya kusema hivyo, na akisema nakiandika pia.

Pili, na hapa ndipo nataka uwe makini zaidi. Huo ushuru wa mkate anaousema, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, uliondolewa tarehe 18 Juni. Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani wa Molo, ndiye aliyetangaza, pamoja na kuondolewa ile kodi ya asilimia 2.5 ya magari. Kura ya kwanza ilipigwa siku mbili baadaye. Kwa hiyo Mheshimiwa anaweza kuwa aliupinga ushuru wa mkate kwa dhati kabisa, akausema hata redioni, kisha akaupigia mswada wenyewe kura ya ndiyo bila mkate ndani yake. Maneno yake yatakuwa kweli, na bado hajajibu swali lako. Usimuulize habari za mkate. Muulize kuhusu mswada.

binti_wa_sokoni

Shikamoo Mwalimu. Hilo la mkate limenifungua macho. Mimi nauza nguo za watoto na nepi sokoni, na mwaka ule tulikuwa tunauliza zaidi kuhusu ile tozo ya mazingira iliyopendekezwa kwa nepi. Mbunge wetu huku alituambia "nimewapigania". Nitajuaje alipigania nini ikiwa mambo yanabadilishwa kipengele kwa kipengele?

mwalimu_mstaafu

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni gumu kuliko la Katibu.

Vipengele hujadiliwa kimoja kimoja kwenye Kamati ya Bunge zima, na kura nyingi za hapo ni za sauti. Anayeongoza kikao anauliza wanaokubali waseme ndiyo, wanaokataa waseme la, anasikiliza, anatangaza mshindi. Hakuna jina linaloandikwa. Sheria nyingi za nchi hii zimepita hivyo, wala si jambo la siri, ni utaratibu. Majina yanaandikwa pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kudai kura ihesabiwe, au Katiba inapotaka idadi maalumu.

Kwa hiyo kwa tozo ya nepi utategemea alichosema. Fungua Hansard, tafuta jina lake, soma kama alisimama na alisema nini. Wako wabunge wenye kurasa nzima. Wako ambao jina lao limo mara moja tu, wakimuunga mkono mwenzao kwa sentensi mbili na kuwasalimu wageni waliokaa roshani. Mtu aliyepigania jambo ndani ya Bunge huacha maneno kwenye kitabu hicho. Kama hayamo, mwambie akuonyeshe alipigania wapi. Pengine ni ndani ya kamati, na kamati nazo huandika ripoti.

Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, nao hutoa alama za wabunge waliozungumza na walionyamaza. Zinasaidia kuanzia, ila mimi alama peke yake haziniridhishi. Mtu anaweza kuzungumza sana na asiguse shida yako hata mara moja.

mtu_wa_bara

Mzee, nakuheshimu lakini hapa unawaonea wabunge. Mbunge wa chama tawala hana uhuru huo mnaoufikiria. Wanaitwa mkutano wa chama, wanapewa msimamo, na anayekaidi anatolewa kwenye kamati. Halafu sisi hapa nyumbani tunamdai basari, madarasa na barabara. Akigombana na serikali tutalala njaa sote. Kura moja haikuambii mtu ni nani.

mwalimu_mstaafu

Ndugu yangu, kuhusu viranja wa vyama, wale wanaowasukuma wabunge wafuate msimamo wa chama, umesema kweli, na watu wa mjini hupenda kusahau hilo. Shinikizo lipo. Ila kuna jambo umelichanganya. Basari inatoka NG-CDF, fedha ya umma inayogawiwa maeneo bunge yote 290 kwa sheria. Aliyesema la anaipata, na aliyesema ndiyo anaipata. Wale 106 waliokataa tarehe 25, watoto wa kwao hawakufukuzwa shule kwa ajili hiyo. Mbunge asiichukue basari akaifanya bei ya kura yake, na sisi tusimuuzie.

Kuhusu kura moja, ndiyo sababu nasema daftari. Chukua Sheria ya Fedha ya 2023, ambayo iliwagusa watu wa Katibu kuliko mkate: ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na ikaleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Mwendesha boda halipi tozo ya nyumba kwenye mshahara maana hana mshahara, lakini ile VAT anailipa kila anapotia petroli ya shilingi 200. Angalia Mheshimiwa alikuwa upande gani Juni 2023. Wakati ule hakukuwa na umati barabarani kama ule wa 2024 wa kumtisha wala wa kumpigia makofi.

Kisha njoo Desemba 2024. Rais Ruto alikataa kutia saini mswada tarehe 26 Juni, siku moja baada ya kura, na kuanzia hapo ghafla kila mbunge alikuwa "amewasikia vijana". Sawa, binadamu hubadilika. Lakini mwezi wa kumi na mbili baadhi ya kodi zile zilirudi kupitia Sheria ya Marekebisho ya Kodi, iliyotiwa saini tarehe 11 Desemba. Aliyesikia Juni alisema nini Desemba? Kwangu hicho ndicho kipimo cha majuto, kwa sababu kamera zilikuwa zimeshaondoka.

Na usiniambie hawawezi kufika Bungeni kwa wingi. Tarehe 8 Oktoba 2024, kura ya kumwondoa Naibu Rais Gachagua, 281 walisema ndiyo na 44 wakasema la. Jumlisha mwenyewe ulinganishe na zile 304 za mswada wa kodi. Jambo wanaloliona zito wanalihudhuria. Inaniuma kwamba mfuko wa mama mboga haukuonekana mzito kiasi hicho.

katibu_wa_steji

Mwalimu, asante sana. Nimeingia tovuti ya Bunge usiku huu. Hansard zote mbili nimezipata, ni ndefu kweli, na data yangu imeisha kabla sijafika kwenye majina. Kesho nitamalizia saibakafe na nitazichapisha kurasa zenye jina lake.

Nimeandika swali hivi: "Mheshimiwa, kwa nini ulitusaliti kwa kupitisha Mswada wa Fedha 2024 na kupandisha bei ya mafuta?" Mnalionaje?

mwalimu_mstaafu

Katibu, usilisome hilo. Nakueleza kwa nini.

Mswada wa 2024 haukuwa sheria, Rais aliurudisha, kwa hiyo haukupandisha mafuta hata senti. Kilichoongezwa Julai 2024 ni ada ya matengenezo ya barabara, kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na hiyo iliongezwa na waziri, haikutoka kwenye mswada huo. Ukimbebesha mbunge mzigo huo atasimama, atakurekebisha mbele ya watu kwa upole, na mkutano utakuwa wake. Na atakuwa na haki. Neno "ulitusaliti" nalo liondoe. Mpe nafasi ya kujibu kama mtu mzima, ili asipate kisingizio cha kukasirika.

Andika hivi: "Mheshimiwa, mazishini ulisema uliupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Tungependa utuambie ulipiga kura gani tarehe 20 Juni, na gani tarehe 25 Juni. Na kwenye Sheria ya Fedha ya 2023 iliyopandisha VAT ya mafuta, ulipiga gani?" Kisha kaa kimya. Usiongeze la nne. Akianza habari ya basari, mshukuru, urudie tarehe.

binti_wa_sokoni

Na akikubali kwamba alisema ndiyo? Tunaweza kumrudisha nyumbani kabla ya uchaguzi? Naona watu wanaitaja Katiba kifungu cha 104.

mwalimu_mstaafu

Kifungu kipo na kinatoa haki hiyo. Shida ni sheria ya kukitekeleza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu za Sheria ya Uchaguzi zilizoweka masharti ya kumwita mbunge nyumbani, baada ya shirika la Katiba Institute kwenda mahakamani. Usimwahidi mtu sokoni kwamba saini zikikusanywa leo kesho kiti kitakuwa wazi. Debe la Agosti 2027 lina tarehe yake, na daftari linaandaliwa sasa.

Akikubali kwamba alisema ndiyo, mimi ningemwambia asante kwa ukweli, halafu ningemuuliza sababu zake. Huenda anazo. Serikali ilikuwa inatafuta zaidi ya shilingi bilioni 340 na madeni yapo kweli. Mtu anayenieleza kwa nini aliunga mkono kodi naweza kubishana naye hadi jioni. Anayenificha alivyopiga kura, mazungumzo hayana pa kuanzia.

Katibu, ukichapisha zile kurasa, chapisha na nakala yake, umpe mkononi kabla ya mkutano kuanza, siyo katikati. Na mwombe mmoja wenu aandike majibu yake neno kwa neno, na tarehe juu.

katibu_wa_steji

Sawa Mwalimu. Mweka hazina wetu ana mwandiko mzuri, yeye ndiye ataandika. Nikirudi mkutanoni nitaweka majibu hapahapa, jina lake nikiliacha.