Njia tulivu za baiskeli kando ya maziwa ya Fermanagh na Leitrim

Swali: Ndugu zangu, ninaishi Dublin na ninatafuta njia ya mashambani, kando ya maziwa, isiyo na magari mengi, inayofaa kwa siku tatu. Mnapendekeza ipi?

Jibu la kwanza: Kingfisher Trail haina mpinzani, ila ina takriban kilomita 480, kwa hiyo chagua kipande tu. Mimi ningeanzia mji wa Enniskillen, Fermanagh, nikapita Kesh kaskazini mwa ziwa la Lower Lough Erne hadi kisiwa cha Boa, kilichounganishwa na nchi kavu kwa madaraja. Hapo, katika makaburi ya Caldragh, limesimama jiwe la kale lenye nyuso mbili zilizopeana kisogo, na juu yake pana kishimo ambamo maji ya mvua hutuama. Usipite bila kushuka kulitazama.

Jibu la pili: Ushauri mzuri sana, lakini kumbuka kwamba Fermanagh iko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, hakuna kizuizi barabarani, na utajua umevuka mpaka pale vibao vya kasi vinapobadilika kuwa vya maili, ilhali mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anatakiwa awe na viza ya Uingereza.

Jibu la tatu: Kama huna viza hiyo, nenda Drumshanbo, Leitrim, upande wa Jamhuri ya Ireland, uzunguke ziwa la Lough Allen, mwendo wa karibu kilomita 50 chini ya mlima Slieve Anierin. Jioni, tembea kwenye njia ya mbao inayoelea juu ya ziwa Acres.