Fremu chache kwenye PC ya bei mbaya: nibadili kadi, nipige Windows upya au niirudishe dukani?

Kijana_wa_Tegeta
Wakuu, habari za Jumapili. Naomba mnisaidie kabla sijafanya uamuzi wa hasira. Mashine yangu ni prosesa Ryzen 7 7800X3D, kadi ya picha RTX 4070 Super, RAM GB 32 za DDR5, pawa saplai ya wati 650, monita ya 1440p yenye 165 Hz. Niliunganishiwa dukani mwezi uliopita, mimi nimechomeka waya tu. Gemu ya Counter-Strike 2 (CS2) inaanza na fremu 130 kwa sekunde, dakika kumi baadaye 70, moshi ukirushwa inafika 40 na picha inakwamakwama. Mdogo wangu mwenye PC ya mtumba ananicheka.

Nina njia tatu. Niuze hii kadi niongeze milioni moja na laki nane nichukue RTX 4080 Super. Au nipige Windows upya. Au niirudishe dukani, ila najua nitaulizwa "mbona inawaka?" Mngekuwa nyie?

Mzee_wa_Pikseli
Chukua 4080 Super, usijiulize mara mbili. Hiyo yako ina GB 12, mwenzake ana 16, na gemu za sasa zinakula kumbukumbu vibaya sana. Hiyo 4070 ukikosa mteja niambie, tutaelewana.

Bi_Solda
Mzee, mbona unamchinja kijana mchana kweupe? 😂 Kaka Tegeta, tupe namba kwanza. Ukiwa katikati ya mechi, GPU, yaani hiyo kadi, inasoma asilimia ngapi? Prosesa ina joto ngapi? Kadi ikisoma 97 mpaka 99 imefika mwisho wa nguvu zake, hapo ongea habari ya kubadili. Ikisoma 50 maana yake imekaa inasubiri kuletewa kazi. Mpishi hana kosa kama mchele haujafika jikoni.

Halafu shusha gemu kutoka 1440p mpaka 1080p. Unatoka pikseli milioni 3.7 kwenda milioni 2 na kidogo, yaani kadi umeipunguzia karibu nusu ya mzigo. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, hata ukinunua kadi ya mfalme utaona fremu hizohizo.

Kiraka
Naongezea kuhusu Windows. Kupiga upya kunasaidia kama ulihama kutoka kadi ya kampuni moja kwenda nyingine na draiva za zamani zimebaki, na hata hapo DDU, programu ya kufuta draiva, kwenye hali salama (Safe Mode) inatosha. Mimi niliwahi kupiga Windows mara tatu, siku tatu zimekwenda, kumbe waya wa monita nimeuchomeka kwenye madabodi badala ya kwenye kadi. Ryzen 7000 nyingi zina grafiki ndogo ndani yake, kwa hiyo picha inakuja vizuri tu na hushtuki. Tazama nyuma ya kasha, Tegeta.

Kijana_wa_Tegeta
Waya uko kwenye kadi, nimetazama kwa tochi. Namba hizi hapa: GPU 41 hadi 48, joto la kadi nyuzi 55. Nimeshusha 1080p, fremu ni zilezile. Prosesa inasoma 89 muda wote, haipandi wala haishuki.

Mzee_wa_Pikseli
Basi ni umeme. Huko kwenu jioni unashuka. Nunua stebilaiza.

Juma_Maskati
Hapana, mzee wangu. Pawa saplai nyingi za kisasa zinakubali volti 100 hadi 240. Umeme ukishuka kupita kiasi mashine inazima au inajiwasha upya, haikupi fremu pungufu taratibu namna hii. Stebilaiza anunue kwa kulinda vifaa, sawa, ila si dawa ya hili.

Bi_Solda
Hiyo 89 isiyosogea ndiyo jibu. Kwa 7800X3D nyuzi 89 ni dari. Ikigusa hapo inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Ndiyo maana unaanza na 130 halafu unashuka kadiri inavyochemka. Joto la Dar linachangia, chumba chenye nyuzi 32 si sawa na chenye kiyoyozi, lakini feni kubwa iliyofungwa sawasawa haikuachi ukae kwenye dari ukicheza CS2 tu. Fungua Task Manager, nenda kwenye Memory, usome kasi ya RAM. Kisha fungua kasha utupigie picha.

Kijana_wa_Tegeta
RAM inasoma 3600. Kwenye boksi imeandikwa 6000! Vijiti viwili vimekaa bega kwa bega karibu na prosesa.

Juma_Maskati
Hao mapacha wamebanwa kwenye njia moja ya kumbukumbu (channel), na njia ya pili iko tupu. Ryzen 7000 ikiona vijiti viwili kwenye njia moja inarudi 3600. Hesabu kutoka kwenye prosesa, viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne. Kisha ingia BIOS, yaani mipangilio ya madabodi, uwashe EXPO ili RAM ikimbie kasi ya kwenye boksi. Angalizo: mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa wakati RAM inajipima. Usizime! Kanywe chai.

Bi_Solda
Na ukishafungua, ng'oa feni ya prosesa. Nina wasiwasi na kitu fulani.

Kijana_wa_Tegeta
Nimerudi. Dada Bi Solda, wewe ni mganga. Nimelegeza skrubu nne, nikazungusha feni kidogo ikaachia. Chini yake kuna nailoni laini inayong'aa, ina maandishi mekundu kwamba iondolewe kabla ya kufunga. Fundi aliipaka ile pesti ya kijivu ya kupitisha joto juu ya prosesa, akakandamiza feni ikiwa na nailoni yake. Nimeibandua ikatoka na alama ya mraba wa pesti. Nimesafisha kwa spiriti, nikapaka mpya tone kama punje ya dengu, nikahamisha RAM, nikawasha EXPO. Skrini ilikaa nyeusi dakika nne, nikaanza kusali.

Sasa prosesa 68, RAM 6000, CS2 fremu 300 na ushee, ndani ya moshi haishuki chini ya 210.

Kiraka
Nailoni! Mwezi mzima! 🤣

Kijana_wa_Tegeta
Ila nimejaribu Cyberpunk 2077 na miale yote ya mwanga (ray tracing) imewashwa, fremu 34 tu.

Bi_Solda
GPU ngapi?

Kijana_wa_Tegeta
98.

Bi_Solda
Hapo sasa Mzee wa Pikseli ana hoja, kadi yako yenyewe ndiyo mwisho. Washa DLSS kwenye Quality, itachora 960p kisha ikuze mpaka 1440p. Ongeza Frame Generation kwa gemu za hadithi, lakini CS2 usiiwaze, fremu za kubuni hazikufanyi ufyatue mapema. Na ukija kutamani 4080 Super, inashauriwa pawa saplai ya wati 750. Ile milioni na laki nane ingekuwa imezaa mtoto.

Mzee_wa_Pikseli
Kwa hiyo hiyo 4070 huuzi tena?

Kijana_wa_Tegeta
Siuzi, mzee wangu. Nailoni ninayo kama unaitaka.