Naomba ushauri: kujua pool kumekuwa kosa?

Wazee, habari za jioni. Nacheza pool hapa Kayole, Nairobi, karibu kila siku na, si kujisifu, mkono umekubali. Sasa kila mashindano ya Jumamosi mwenye meza ananibana: wengine wanalipa kiingilio 200, mimi 500. Mpinzani wangu anatolewa mipira 2 kati ya 7 yake kabla mchezo kuanza. Juzi akaongeza kwamba lazima nishinde michezo 5, mwenzangu 3 tu. Nikatolewa nusu fainali.

Kumpunguzia mgeni mzigo naelewa, la sivyo vijana hawataleta pesa zao. Lakini yote matatu kwa pamoja, tena yatangazwe nikishalipa? Nidai masharti yabandikwe ukutani mapema, ama nihamie meza za mtaa wa Umoja? (Huko nako watanijua tu.) Mliopitia haya mlifanyaje?