Nyumba ya Rembrandt na Orodha ya Wadai

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Fatuma*

Mjomba Athumani: Assalaam aleikum wanangu. Zuhura aliahidi kwamba akishaizuru nyumba ya mchoraji Rembrandt huko Amsterdam atatusimulia humu kikundini, nami niliahidi kwamba atakayeandika kwa vifupisho nitamsahihisha mbele ya wenzake kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Karibu, mpwa wangu, uwanja ni wako.

Zuhura: Waaleikum salaam Mjomba, na shikamoo. Shikamoo Mama Mdogo. Nyumba ipo mtaa wa Jodenbreestraat, nambari 4, na ilijengwa yapata 1606, mwaka uleule ambao Rembrandt alizaliwa mjini Leiden, akiwa mtoto wa msaga nafaka. Aliinunua mwanzoni mwa 1639 kwa gilda 13,000, wakati ambapo fundi stadi alikuwa akipata kama gilda 300 kwa mwaka mzima. Tulikuwa kundi dogo, na mama aliyetutembeza alitutahadharisha tukiwa bado ukumbini kwamba viti, meza na vitanda tutakavyoviona ni vya zama za Rembrandt, lakini si vyake.

Bakari: Samahani dada, yaani mmelipa kiingilio kwenda kutazama samani za watu wengine?

Zuhura: Ngoja kwanza, Bakari, maana kwa kazi yako ya benki hili litakufurahisha. Rembrandt alishindwa kulipa madeni, na mwezi wa Julai 1656 makarani wa mji waliingia humo wakapita chumba kwa chumba wakiandika kila walichokikuta, ili mali yote ipigwe mnada na wadai walipwe. Orodha hiyo ina vipengele 363 na ipo hadi leo. Inataja picha iliyoning'inia sebuleni, kioo, viti vya Kihispania, vyombo vya jikoni, na mwishoni kabisa inataja hata nguo zilizokuwa kwa dobi: mashati matatu ya kiume, leso sita, vitambaa vya meza na kola kadhaa. Watu wa makumbusho walipoamua, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuirudisha nyumba katika hali yake ya kale, waliifuata orodha hiyo na kutafuta vitu vya aina ileile. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa ili nyumba iachwe tupu ndiyo iliyowawezesha kuijaza tena.

Mama Mdogo Rehema: Maskini! Hata shati lililo kwa dobi halikusalimika. Hao makarani walikuwa hawana haya.

Bakari: Makarani wa namna hiyo ndio sisi watu wa benki, Mama Mdogo, na kazi ni kazi. Mimi ninachotaka kujua ni deni lilianzia wapi, kwa sababu mtu aliyekuwa akiuza picha kwa bei ile hafilisiki hivi hivi.

Zuhura: Lilianzia hapo hapo mlangoni. Alitakiwa alipe robo ya bei katika mwaka wa kwanza na kiasi kilichobaki katika miaka mitano au sita iliyofuata. Fedha zilikuwepo: mkewe Saskia alitoka katika familia yenye uwezo, na kwa picha ile kubwa ya walinzi wa mji aliyoimaliza 1642, askari mmoja alikuja kutoa ushahidi kwamba watu 16 walichanga gilda 100 hivi kila mmoja. Lakini ilipofika 1653 nyumba ilikuwa bado haijalipiwa, aliyemuuzia akaanza kumbana, naye akakopa kwa watu wengine ili amlipe huyo. Tena wakati huo Uholanzi ilikuwa vitani na Uingereza na biashara imedorora. Juu ya yote alikuwa na ugonjwa wa minada. Ukipanda ghorofani kuna chumba alichokijaza vitu vya kukusanya, nacho kimerudishwa vilevile: sanamu za vichwa vya wafalme wa Kirumi zimepangwa rafuni, silaha, wanyama waliokaushwa, matumbawe, makombe ya baharini, na majalada ya picha za wachoraji wengine.

Bakari: Kukopa kulipa mkopo, na bado anaenda mnadani kununua makombe. Nimeelewa, sihitaji maelezo zaidi.

Salum: Mimi namtetea kidogo, kaka. Mchoraji hawezi kuchora kofia ya chuma asiyoijua uzito wake. Vile vitu ndivyo alivyowavalisha watu kwenye picha zake, na wanafunzi wake walivitumia kujifunzia, kwa hiyo hiyo ilikuwa zana ya kazi, siyo pambo la nyumba. Dada Zuhura, tuambie habari za chumba cha kuchorea, kwa sababu kitanda na sufuria naweza kuamini vilitafutwa dukani, lakini mwanga haununuliwi.

Zuhura: Chumba hicho ndicho nilichokaa sana, Salum, hata mwongozaji akanisubiri ngazini. Kipo ghorofani, upande wa barabarani, na madirisha yake makubwa yanatazama kaskazini. Alitueleza kwamba katika nchi za huku jua halipiti upande wa kaskazini, hivyo mwanga unaoingia hautembei sakafuni wala haumchomi anayechorwa, bali hubaki vilevile asubuhi hadi alasiri. Chini ya dari kuna kitambaa kinachoning'inizwa ili kuusukuma mwanga pale unapotakiwa. Mezani palikuwa na jiwe pana lililo laini, na kijana mmoja wa makumbusho alimwaga unga wa udongo mwekundu, akauchanganya na mafuta ya kitani, kisha akausaga kwa jiwe la mkononi lenye kitako bapa, akizungusha polepole kwa muda mrefu hadi ule ukwaruzaji ukaacha kusikika na rangi ikang'aa. Rangi ya leo haifai kesho, alisema, kwa sababu hukauka, na ile iliyobaki wachoraji wa zamani waliifunga ndani ya kibofu cha nguruwe.

Mama Mdogo Rehema: Astaghfirullah! Salum, usije ukaiga hilo.

Salum: Usiwe na wasiwasi, Shangazi, mimi natumia rangi za kopo. Ila hilo la dirisha la kaskazini limenipa fikra. Hapa Dar es Salaam halitusaidii, kwa sababu jua letu huwa upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kisha huhamia kusini miezi ya joto kali, na ndiyo maana kibandani kwangu nahamisha kiti kila baada ya saa moja. Na wanafunzi walikaa wapi?

Zuhura: Juu kabisa, chini ya paa, kila mmoja katika kijisehemu chake kilichokingwa kwa karatasi au turubai ili asimtazamie mwenzake. Walilipa ada ya gilda 100 kwa mwaka, na kazi zao zikauzwa na mwalimu wao.

Mjomba Athumani: Ada analipa mwanafunzi na faida anachukua mwalimu. Nilizaliwa karne isiyo yangu.

Mama Mdogo Rehema: Kaka, acha mzaha. Zuhura mwanangu, wewe umetusimulia habari za mwanamume na vitu vyake. Huyo Saskia aliishia wapi, na nani alipika katika hilo jiko?

Zuhura: Jiko lipo chini, Mama Mdogo, lina bomba la maji, meko pana na kitanda kilichojengwa ndani ya kabati ambamo mtumishi alilala. Vitanda vyao vyote viko hivyo, na ni vifupi, kwa sababu watu wa enzi zile walilala wameegemea mito, nusu wameketi. Saskia alifariki katika nyumba hiyo mwaka 1642, akiwa hajafika hata miaka 30, baada ya kuzaa watoto wanne ambao kati yao ni Titus peke yake aliyeishi. Kisha aliletwa mlezi wa Titus, mjane aliyeitwa Geertje Dircx, ambaye Rembrandt alimpa hadi pete zilizokuwa za Saskia. Uhusiano ulipovunjika, mwaka 1649 Geertje alimshtaki kwamba alimwahidi ndoa, na baraza likaamua alipwe gilda 200 kila mwaka. Mwaka uliofuata Rembrandt, akishirikiana na kaka wa mwanamke huyo, alifanya mipango afungwe katika nyumba ya kurekebisha tabia mjini Gouda, na huko alikaa miaka mitano. Wakati huo mtumishi mwingine, Hendrickje Stoffels, alikuwa tayari ameshika nafasi, naye alimzalia binti, Cornelia, mwaka 1654.

Mama Mdogo Rehema: Miaka mitano gerezani kwa kudai ahadi! Basi mimi hilo deni la Geertje nimeliweka juu ya deni la nyumba, na hakuna mnada uliolilipa.

Mjomba Athumani: Hapo siwezi kukusahihisha, dada yangu.

Bakari: Na mwisho wa nyumba?

Zuhura: Iliuzwa mnadani 1658 kwa gilda 11,000 na kidogo, yaani chini ya bei aliyoinunulia. Akahamia nyumba ya kupanga mtaa wa Rozengracht, na mwaka 1660 Titus na Hendrickje wakafungua kampuni ya kuuza picha na kumfanya yeye kuwa mfanyakazi wao, ili wadai wasiweze kuzishika kazi zake mpya. Alikufa 1669 na kuzikwa katika kaburi la kukodi kwenye kanisa la Westerkerk.

Bakari: Hiyo kampuni ilianzishwa na mtu mwenye akili. Hendrickje angekuwa hai ningemwajiri.

Salum: Nami nina swali moja tu. Je, mliona kitu chochote kilichotoka mkononi mwake hasa?

Zuhura: Ndiyo, picha za bamba. Makumbusho yana karibu zote, na alizitengeneza kama 290. Tulionyeshwa jinsi bamba la shaba nyekundu linavyopakwa nta, mchoraji akachora juu yake kwa sindano, kisha likatumbukizwa kwenye tindikali ambayo hula pale tu palipokwaruzwa. Hupakwa wino, likafutwa, likawekewa karatasi yenye unyevu na kupitishwa kwenye mtambo wa mbao ambao fundi aliuzungusha kwa mikono yote miwili na mguu pia. Kumbuka kwamba picha hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto. Sasa kuna moja ya mwaka 1650, ya kombe la konokono wa Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, jeusi lenye madoa meupe. Alilichora kwenye bamba kama alivyoliona, hivyo kwenye karatasi mzunguko wake umeelekea upande ambao konokono huyo haelekei kabisa. Lakini jina lake pale chini alilichora kinyume kwa makusudi, na kwenye karatasi linasomeka sawasawa.

Salum: Tapeli! Jina lake alilijali kuliko konokono.

Mjomba Athumani: Kabla hatujaachana, nilisoma kwamba mtaa ule ulikuwa na wakazi wengi wa mbali. Watu wa makumbusho walisema lolote?

Zuhura: Walisema, Mjomba. Wengi walikuwa Wayahudi waliotoka Ureno na Ulaya ya mashariki, na karibu na hapo waliishi pia Waafrika huru, wakiwemo mabaharia, askari na watumishi. Mwaka 2020 makumbusho yaliandaa maonyesho juu yao. Rembrandt aliwachora wanaume wawili Waafrika katika picha yenye tarehe ya 1661, na picha hiyo ipo katika makumbusho ya Mauritshuis, mjini The Hague, ambako kwa treni si zaidi ya saa moja kutoka hapa. Nakusudia kwenda Jumamosi.

Salum: Basi dada, ukifika simama karibu kadiri watakavyokuruhusu, uangalie kivuli cha shavuni na chini ya jicho. Nataka unieleze kama amepaka nyeusi tupu, au kuna kahawia na nyekundu chini yake, kwa sababu hapo ndipo wachoraji wengi wa huko huharibu nyuso zetu.