Je, kijana aiache dini yake mlangoni anapoingia kwenye siasa?

Mwanabaraza ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nina umri wa miaka 23 na nimechaguliwa kuingia katika baraza la vijana ambalo wajumbe wake ni wa dini mbalimbali, na wachache hawana dini kabisa. Kilichonisukuma kugombea ni mafundisho niliyolelewa nayo kuhusu haki ya mnyonge, wala sioni haya kulisema hilo. Tatizo ni kwamba waumini wenzangu wananichukulia kuwa mjumbe wao na hunidai hesabu ya nilichowaletea, na wajumbe wa imani nyingine husikiliza hoja zangu, hata zile za ajira, kana kwamba nimetumwa. Rafiki yangu amenishauri niiache dini mlangoni kila ninapoingia kikaoni. Je, jambo hilo linawezekana, na je, ni la haki?

Msoma Historia amejibu:

Mwenzangu, sidhani kama linawezekana, na historia haioneshi kwamba lilihitajika. John Lewis, aliyeongoza wanafunzi waliopinga ubaguzi kusini mwa Marekani, alitoka katika chuo cha kuwaandaa wahubiri wa Kibaptisti mjini Nashville, na alipohutubia umati wa Washington mwezi Agosti 1963 alikuwa na umri kama wako, miaka 23. Katika maandamano ya kudai haki ya kupiga kura yaliyoanzia Selma, jimboni Alabama, Machi 1965, mchungaji Martin Luther King alitembea mstari wa mbele pamoja na Abraham Joshua Heschel, rabi wa Kiyahudi, na hakuna aliyemtaka mwenziwe aifiche imani yake. Afrika Kusini nako, vijana Waislamu wa Call of Islam, kundi lililoanzishwa 1984, walijiunga na UDF, muungano wa makundi yaliyopinga ubaguzi wa rangi, na kusimama bega kwa bega na makasisi dhidi ya serikali ya makaburu.

Angalia lakini walichokuwa wakikidai. Haki ya kupiga kura haikuwa mali ya Wabaptisti wala ya Wayahudi. Kila mmoja aliingia kwa mlango wake, ila dai lilimhusu hata asiyesali. Hapo ndipo ningeweka mpaka: sababu iliyokuleta ni yako, lakini hoja unayoiweka mezani iwe ya namna ambayo mtu asiyeamini unachoamini anaweza kuipima, akaikubali au akaikataa, bila kulazimika kwanza kubadili dini.

Mpenda Katiba amejibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia kwa sehemu tu, kwa sababu amelifanya suala kuwa la mwenendo wa mtu mmoja mmoja, ilhali mara nyingi ni taratibu zinazomgeuza kijana kuwa mjumbe wa dini hata asipotaka. Tazameni Lebanoni. Kwa mapatano ya 1943, ambayo hayakuandikwa, rais huwa Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni na spika Mshia. Mapatano ya Taif ya 1989, ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, yakagawa viti vya bunge, ambavyo leo ni 128, nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu. Nia ilikuwa kila jamii isiogope kumezwa, na siwezi kuidharau hofu hiyo katika nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe kwa miaka 15. Hata hivyo, kijana mwenye kipaji anayetaka kugombea hukuta kiti kimekwisha kupewa dhehebu kabla hajafungua kinywa, na hata kupiga kura hawezi mpaka atimize miaka 21. Vijana walipofurika mitaani mwezi Oktoba 2019 kuwataka viongozi waondoke, kauli yao ilikuwa "wote maana yake wote", yaani hata kiongozi wa dhehebu langu mwenyewe asiachwe. Je, baraza lenu lina viti vilivyogawiwa kwa dini?

Asiye wa Wengi amejibu:

Ushauri wa "hoja inayopimika na wote" ni mzuri, lakini mzigo wake haulingani. Mtu wa dini ya walio wengi hahitaji kujieleza, kwa sababu desturi zake zimekwisha kuwa kalenda. Sala yake ikifungua kikao huitwa utaratibu. Yangu ikifungua huitwa udini. Nilipokuwa katika kamati moja ya wanafunzi, vikao vilifanyika siku ya ibada yetu, na kwa mwaka mzima kumbukumbu zilionesha tu kwamba nimetoa udhuru. Hakuna aliyenibagua kwa neno hata moja. Kabla ya kumtaka kijana huyu achunge maneno yake, tuulize kwanza vikao vyao ni siku gani. (Na hao waumini wanaokudai hesabu, waambie kwamba hawakukupigia kura peke yao. Hilo halihitaji falsafa.)

Mwanabaraza:

Nawashukuru nyote. Viti vyetu havijagawiwa kwa dini, kwa hiyo sina katiba ya kuisingizia. Swali la siku ndilo lililonishtua. Nimepitia kumbukumbu za vikao na kukuta kwamba wajumbe wawili wasiohudhuria ni walewale kila mara, na wote wawili ni wa imani isiyo yangu. Kumbe mimi nilidhani hawana bidii. Katika kikao kijacho nitapendekeza siku ibadilishwe, na nimeamua niitoe hoja hiyo mimi, ambaye siku ya sasa hainisumbui. Waumini wenzangu bila shaka wataniuliza wao wamepata nini, na jibu la kuwapa bado sijalipata.